Mlio Uliosafiri Hewani: Kompyuta Kongwe na Watu Wake



Ule mlio mliousikia kabla sijafungua kinywa, mkali, wa kukwaruza, kama panzi waliofungiwa ndani ya debe, haukuwa hitilafu ya mitambo yetu. Ilikuwa programu ya kompyuta. Imo kwenye kaseti ya kawaida, kama zile tulizokuwa tukirekodia taarabu na hotuba, na ilirekodiwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kama ungekuwa na kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum mezani kwako, na waya mwembamba unaoiunganisha na redio yako, mashine ile ingeutegea mlio huo sikio kwa dakika nne au tano. Kisha pangekuwa kimya kidogo, na mchezo, au hesabu, au somo la jiografia lingejitokeza kwenye kioo cha televisheni.

Leo nazungumzia watu wanaozikusanya kompyuta za namna hiyo, kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980. Mimi ni mmoja wao. Katika miaka niliyoshughulika nazo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni: kompyuta kongwe huishi pale watu wanapokutana kwa ajili yake. Ndivyo zilivyozaliwa, ndivyo zilivyoenea, na ndivyo zinavyosalimika mpaka leo.

Tuanze zilikozaliwa.

Toleo la Januari 1975 la gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics lilibeba kwenye jalada lake picha ya sanduku la chuma lenye safu za swichi na taa ndogo. Jina lake Altair 8800. Ilitengenezwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, New Mexico, iliyoongozwa na mhandisi Ed Roberts. Mnunuzi aliletewa vipande ndani ya kifurushi, akakaa na lehemu na michoro usiku kucha mpaka vipande vikawa kompyuta. Bei yake ilianzia chini ya dola 400. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa mali ya serikali, benki na vyuo vikuu, ikikaa kwenye chumba chake chenye ubaridi na walinzi wake. Sasa mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kusema: hii ni yangu.

Lakini alipomaliza kuiunda, alijikuta na kitu kisicho na kibodi wala kioo. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256; herufi 256 tu, pungufu ya jumbe fupi mbili za simu tunazotumiana leo. Kuipa amri ilibidi upandishe na kushusha swichi moja baada ya nyingine, na jibu lake lilikuwa taa kuwaka na kuzimika. Mtu mwenye mashine ya hivyo, hata awe hodari namna gani, lazima atamani mwenzake wa kumuuliza.

Basi tarehe 5 Machi 1975, Gordon French na Fred Moore waliwaita wapenzi wa mambo haya kwenye gereji ya French mjini Menlo Park, California. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Homebrew Computer Club. Miongoni mwa waliofika usiku ule alikuwamo kijana mhandisi, Steve Wozniak. Mwezi uliofuata, katika mkutano mwingine, mwanachama Steve Dompier alikuja na Altair yake akaiweka chini, na kando yake akaweka redio ndogo. Alikuwa amegundua kwamba saketi za Altair, zinapofanya kazi, hutoa mawimbi yanayoikwaruza redio iliyo karibu, na kwamba kila programu hukwaruza kwa namna yake. Akakaa akachunguza ni amri gani inatoa noti gani. Siku hiyo akaingiza amri zake kwa swichi, moja moja, watu wakimtazama, kisha redio ile ikaanza kuimba wimbo wa The Beatles.

Hebu fikiria, msikilizaji. Kompyuta haikuwa na kinywa. Kinywa chake cha kwanza ndani ya ule mkutano kilikuwa redio.

Mikutano ya Homebrew ilikuja kuongozwa na Lee Felsenstein, naye aliipa utaratibu ambao sisi watu wa baraza tunauelewa bila kufafanuliwa. Sehemu ya kwanza, watu husimama mmoja mmoja: mimi nina hiki, mimi natafuta kile, mimi nimesikia habari hii. Sehemu ya pili, viti vinavunjwa na kila mtu anamwendea yule aliyesikia ana jibu la swali lake. Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta aliyokuwa akiiunda, akawasaidia wenzake kuilehemu. Kompyuta hiyo ndiyo Apple I ya mwaka 1976. Zilitengenezwa kama 200 tu, na kampuni iliyozaliwa nayo leo inajulikana kila mahali. Chimbuko lake ni baraza la watu waliokuwa wakionyeshana walichokosea na walichopatia.

Sasa tuvuke bahari, twende Uholanzi, maana huko redio na kompyuta zilifunga ndoa kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba nyingi za Ulaya zilikuwa na kompyuta ndogo, lakini kila kampuni ilikuwa na yake. Zote zilidai kusema lugha moja, lugha ya programu iitwayo BASIC, ila kila moja iliisema kwa lahaja yake. Amri iliyoeleweka na Commodore ilikataliwa na Sinclair. Watangazaji wa kipindi cha Hobbyscoop, katika shirika la utangazaji la NOS, walitaka kurusha programu hewani ili wasikilizaji wazinase kwenye kaseti. Wangerusha kwa lahaja ipi? Wakatengeneza BASIC ya pamoja, wakaiita Basicode. Kila aina ya kompyuta iliandikiwa programu ndogo ya kuitafsiri, na kuanzia hapo programu moja iliyorushwa redioni iliweza kusomwa na mashine za kampuni nyingi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaijua kazi hiyo. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ili kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya Mombasa kisomwe Tabora na Kampala. Kimvita hakikufa, Kiamu hakikufa, lakini palipatikana mahali pa kukutania. Basicode ilikuwa Kiswahili sanifu cha kompyuta ndogo, na redio ndiyo iliyokuwa shule yake. Hata BBC Radio 4 ya Uingereza iliitumia kurusha programu katika kipindi chake cha The Chip Shop.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote, hata hivyo, kinatoka Yugoslavia. Nchi hiyo iliweka masharti makali juu ya bidhaa za kuingizwa kutoka nje, na kompyuta ya Ulaya Magharibi ilizidi thamani iliyoruhusiwa. Waliozitaka walizipitisha mpakani kwa siri. Majira ya joto ya mwaka 1983, mhandisi Voja Antonić alikuwa mapumzikoni kando ya bahari, Montenegro. Akawaza: sehemu ya gharama katika kompyuta ya nyumbani ni ile inayochora picha kwenye televisheni, itakuwaje nikiiondoa, nikakiachia kichakato chenyewe kazi ya kuchora? Aliporudi alijaribu, ikawezekana. Kompyuta yake ikaitwa Galaksija. Kichakato chake kilikuwa Z80, chipu iliyopatikana kwa bei ya kuvumilika.

Antonić hakuificha. Akishirikiana na mwandishi Dejan Ristanović, alichapisha michoro yote katika toleo maalumu la gazeti lililotoka kuelekea mwaka 1984, ili kila msomaji ajiundie yake. Walioitikia walizidi matarajio yao. Zaidi ya watu 8,000 wakawaandikia. Kwa sababu kumbukumbu yake ya kudumu ilikuwa ndogo mno, kilobaiti nne tu, Galaksija ilikuwa na maneno matatu pekee ya kumjibu aliyekosea. Ukiandika kisichoeleweka, inauliza: nini? Ukiandika kinachoeleweka lakini hakitekelezeki, inauliza: vipi? Nafasi ikiisha, inasema: samahani. Maneno matatu, na nchi nzima ikajifunza kwayo.

Programu za Galaksija zilipatikanaje mikoani? Kwa redio. Mtangazaji Zoran Modli, katika kipindi chake cha Ventilator 202 cha Redio Belgrade, aliwaambia wasikilizaji watayarishe redio kaseti zao, kisha akaurusha mlio kama ule tulioanza nao. Kijana aliyeketi kwenye mji wa mbali alibonyeza kitufe cha kurekodi, na usiku huo huo alikuwa na programu iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Kesho yake akaibadilisha, akaiboresha, akairudisha kituoni kwa posta ili irushwe tena. Mimi mtu wa redio nikilitafakari jambo hilo, naona fahari ya kazi hii.

Uingereza nayo ilikuwa na yake. Shirika la BBC lilianzisha mradi wa kuwafundisha wananchi kompyuta kwa televisheni, likachagua kampuni ya Acorn ya Cambridge kutengeneza mashine ya masomo hayo. BBC Micro ilitoka Desemba 1981, ikaingia shule nyingi, na zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Aprili 1982 Clive Sinclair naye akatoa ZX Spectrum, kwa pauni 125 ile yenye kilobaiti 16 na pauni 175 ile yenye 48. Ilikuwa ndogo kama daftari, na vitufe vyake vya mpira, laini kama kifutio. BBC Micro ilikuwa ya shuleni. Spectrum ilikuwa ya chumbani, ya mtoto aliyenunuliwa mashine na wazazi waliojinyima.

Na usidhani habari hii haikuhusu wewe uliye Morogoro au Kisumu. Wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, walipotaka kichakato bora zaidi cha mashine zilizofuata, walijibunia cha kwao, na Wilson alikijaribu kwanza kwa programu aliyoiandika kwenye BBC Micro. Chipu ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985. Waliiita ARM. Vizazi vya chipu hiyo ndivyo vilivyomo ndani ya karibu kila simu janja duniani. Ikiwa unanisikiliza kupitia simu, basi umeshika mjukuu wa kompyuta ya shule.

Sasa niwaambie nilivyoingia mimi.

Nilipokuwa nikiishi Uingereza, niliikuta Spectrum kwenye soko la mtumba la Jumapili, lile ambalo watu hufungua buti za magari yao na kuuza walivyochoka navyo. Ilikuwa chini ya sahani za udongo. Nikailipia pauni chache, nikaenda nayo nyumbani moyo ukinidunda. Adapta yake haikuwapo. Nikachukua nyingine iliyokuwa kwenye droo, imeandikwa volti tisa kama inavyotakiwa, nikachomeka. Haikuwaka. Ikatoa joto, kisha harufu.

Kosa langu lilikuwa hili: Spectrum hutaka hasi katikati ya plagi na chanya nje, na adapta nyingi ni kinyume chake. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikuwa nimemuuliza mtu. Nikaiweka kabatini ikiwa imekufa, na huko ingekaa hadi leo kama jirani asingenielekeza kwa kikundi cha wazee na vijana waliokuwa wakikutana ukumbini, Jumamosi moja kila mwezi, kila mtu na mashine yake chini ya kwapa.

Nilimkuta mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa simu. Hakunicheka. Alifungua mgongo wa ile Spectrum, akaigeuza bodi kwenye mwanga, akaweka ncha za mita mahali pawili. Akanionyesha transista moja ndogo iliyokufa, ile inayosaidia kutengeneza volti nyingine ambazo chipu za kumbukumbu huzihitaji, na akanieleza kwamba hiyo hufa mara nyingi kabla ya vingine vyote. Kisha akanipa mimi chombo cha kulehemu, akakaa pembeni. Mkono ulinitetemeka. Nilipomaliza, akaunganisha televisheni, na maandishi madogo ya Sinclair Research yakatokea chini ya kioo cheupe. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Siku hiyo sikujifunza transista tu. Nilijifunza kwamba elimu ya mashine hizi imo vichwani mwa watu, na kwamba inatoka kwa kuketi pamoja.

Elimu yenyewe ni pana. Kompyuta kongwe zina maradhi yake, na kila ugonjwa una tabibu wake. Plastiki iliyokuwa ya rangi ya krimu hugeuka njano kama jino la mvuta tumbaku, kwa sababu ya kemikali iliyochanganywa humo ili isishike moto. Wapenzi waliounganisha maarifa yao waligundua kuirudishia rangi kwa haidrojeni peroksidi na mwanga wa jua. Kazi ya glavu na miwani, maana dawa hiyo huunguza ngozi. Utando wa plastiki ulio chini ya vitufe vya Spectrum hukauka ukawa kama jani la muhogo lililoachwa juani: ukiuvuta tu, unakatika. Betri ndogo zilizolehemiwa kwenye bodi za baadhi ya mashine, kama Amiga, huvuja na kuzila nyaya za shaba kimyakimya. Ndani ya kifaa cha umeme cha BBC Micro mna kapasita ambazo maganda yake hupasuka kwa umri, zikavuta unyevu. Siku ukiiwasha baada ya miaka 20, hulipuka kwa moshi mzito unaonuka nyumba nzima. Na vifaa vya umeme vya Commodore 64 vinapochoka, hupandisha volti na kuziua chipu za kompyuta ambayo ilikuwa nzima.

Mambo haya hayakuandikwa na kampuni. Kampuni nyingi zilikwisha kufa. Commodore yenyewe ilifilisika mwaka 1994. Yamegunduliwa na wapenzi, mmoja akiunguza yake, akawaonya wengine mia. Na vipuri vinazidi kuadimika. Ile chipu ya Z80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuziendesha Spectrum na Galaksija, kampuni ya Zilog ilitangaza Aprili 2024 kwamba inaacha kuitengeneza. Miaka 48 sokoni! Tangu hapo, aliyenayo kwenye droo amegeuka hazina ya wenzake.

Kwa bahati, mahali pa kukutania pameongezeka. Cambridge kuna Centre for Computing History, makumbusho ambayo mgeni haambiwi asiguse. Anakaribishwa aketi, aandike, acheze. Bletchley Park kuna The National Museum of Computing, ambako wamepanga darasa zima la BBC Micro, na watoto wa leo huketi humo wakaandika mistari yao ya kwanza ya BASIC kama walivyofanya wazazi wao. Marekani tangu mwaka 1997 kuna Vintage Computer Festival, iliyoanzia California na baadaye ikazaa nyingine katika miji mbalimbali. Katika mikutano ya namna hii utamkuta mhandisi aliyebuni mashine akizungumza na kijana wa miaka 15 aliyeitengeneza upya. Mkutano gani mwingine utamkutanisha mwanafunzi na mwandishi wa kitabu chake cha kiada, wote wameinamia ukurasa mmoja?

Wapo wanaoitazama shughuli hii kama biashara. Ni kweli kwamba Oktoba 2014 makumbusho ya Henry Ford ya Michigan yalilipa dola 905,000 kwenye mnada ili kuipata Apple I moja. Lakini usidanganyike. Mashine nyingi za zama zile zilitengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ya kawaida. Mtu anayezikusanya ili azifungie na kungoja bei ipande atabaki na plastiki ya njano. Thamani yake ni kuwaka kwake, na haiwaki bila wenye kujua.

Kama kuna anayeuliza kwa nini tuhangaike, wakati simu zetu zinaweza kuigiza kompyuta zote hizo kwa programu, nitamjibu kwa kisa kimoja. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wa Uingereza, William, ardhi na mali za nchi yake zilihesabiwa na kuandikwa katika kitabu. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, BBC na wenzake waliamua kufanya sensa kama ile kwa njia ya kisasa. Watoto wa shule na wananchi, kwa pamoja zaidi ya milioni moja, waliandika habari za vijiji vyao, wakapiga picha za mitaa yao. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza, zisomwe na kompyuta ya BBC Master iliyoongezewa vifaa maalumu. Vifaa hivyo vilikuwa ghali, vikauzwa vichache, vikaanza kufa. Haikupita miaka 16, wataalamu wakalazimika kufanya kazi ya uokoaji ili maneno ya watoto wale yasipotee. Na kile kitabu cha ngozi cha 1086? Bado kinasomeka.

Walipokwenda kuyaokoa yale ya 1986, walihitaji mashine yenyewe, nzima, na watu wanaoijua. Ni vigumu kuandika programu ya kuigiza mashine bila kuiona mashine yenyewe ikifanya kazi. Kwa hiyo mzee anayefuta vumbi kwenye BBC Micro yake Jumamosi ukumbini anatunza ufunguo wa nyaraka za watu.

Tugeukie kwetu. Mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya Altair, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aidha, kompyuta za nyumbani za zama zile zilitumia televisheni kuwa kioo chake, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Kwa hiyo wakati mtoto wa Belgrade anarekodi programu kutoka redioni, mwenzake wa Dodoma alikuwa na redio na kaseti, akikosa kompyuta na televisheni.

Ndiyo maana kompyuta za mwanzo zilizofika Tanzania ni chache, na kila moja ni ya thamani kwa historia yetu wenyewe. Nani aliitumia ya kwanza katika ofisi ya wilaya yako? Mwalimu gani alifundisha kompyuta kwa ubao na chaki, kabla mashine haijafika? Kaseti au diski laini za hesabu za chama cha ushirika ziko wapi leo? Wengi wa wenye majibu hayo sasa ni wazee. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali yetu isiyo na daftari.

Wala hatuanzi bila mtaji. Fundi redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anayefufua amplifaya ya mwaka 1982 kwa mita na chombo cha kulehemu, ana nusu ya elimu inayotakiwa tayari mkononi. Akikutanishwa na kijana wa chuo anayejua kuandika programu, na mzee aliyeitumia mashine hiyo ofisini, baraza limetimia.

Basi ombi langu kwako, msikilizaji. Ukiikuta kompyuta kongwe stoo kwa mjomba, au ofisi ikitaka kuitupa, usiiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Usiichomeke kwenye umeme siku hiyo hiyo, hata kama inaonekana nzima. Mpe fundi aifungue kwanza, aitazame kapasita na betri, na ahakikishe adapta inalingana kwa volti na kwa upande wa chanya na hasi. Kaseti zake ziingizwe kwenye kompyuta ya leo mapema, kwa sababu utepe hufifia kila mwaka. Kisha mkalishe mwenye nayo, umuulize aliinunua wapi, aliifanyia nini, nani alimfundisha. Uyaandike, ubandike karatasi hiyo ndani ya sanduku lake.

Na ukishafanya hivyo, tafuta wenzako wawili. Wekeni siku moja katika mwezi, na mahali: sebuleni, darasani baada ya masomo, hata kibarazani kwa fundi. Gereji ya Menlo Park haikuwa na zaidi ya hayo.